Fyuzi, Mrao na Muungano: Sura Moja ya Neno la Kigeni na Dhana Zake katika Uhandisi, Sayansi na Isimu

1.0 Utangulizi

Mwenye kutafsiri maandishi ya sayansi na ufundi kutoka Kiingereza hukutana mapema na neno fuse pamoja na nomino yake fusion. Katika ukurasa mmoja neno hilo hutaja kijiwaya kinacholinda vyombo vya umeme. Katika ukurasa mwingine hutaja kamba inayopeleka moto kwenye baruti. Katika kitabu kimoja cha fizikia hutaja kuyeyuka kwa barafu na, sura chache mbele, kuungana kwa viini vya atomi ndani ya jua. Katika kitabu cha isimu hutaja jinsi viambishi viwili vinavyoshikana hata mpaka wao usionekane. Mtafsiri hana budi kujiuliza: je, hizi ni maana tano za neno moja, au ni maneno zaidi ya moja yaliyovaa sura moja? Na Kiswahili kinahitaji istilahi ngapi?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Kwanza tutaeleza asili ya neno lenyewe, kisha tutapitia matumizi yake katika uhandisi, sayansi na isimu, na mwisho tutapima istilahi za Kiswahili zilizopo na zinazofaa kupendekezwa. Hoja yetu ni kwamba anayeanzia kwenye neno la kigeni atapotea, na anayeanzia kwenye dhana atakuta kuwa Kiswahili kina sehemu kubwa ya maneno anayoyahitaji. Kosa la kuanzia kwenye neno halimalizikii kwenye ubaya wa mtindo. Laweza kumfundisha mwanafunzi kinyume cha sayansi, na laweza kumtia fundi hatarini.

2.0 Asili Mbili, Sura Moja

Wanaisimu hutofautisha polisemia, ambapo neno moja lina maana kadhaa zenye uhusiano, na homonimia, ambapo maneno tofauti yamesadifu kuwa na umbo moja. Kwa Kiswahili, unga wa mahindi na kitenzi unga, chenye maana ya kushikisha vitu viwili pamoja, ni mfano wa homonimia. Hakuna mzungumzaji anayetafuta uhusiano baina ya sima na useremala kwa sababu tu maumbo hayo yanafanana.

Neno fuse limebeba hali zote mbili kwa pamoja. Lile linalotaja kamba ya baruti limetokana na Kiitaliano fuso, nalo likatokana na Kilatini fusus, yaani kijiti cha kusokotea uzi. Sababu ni umbo: kifuko au mrija mwembamba uliojazwa baruti ulifanana na kijiti hicho kilichozungushiwa uzi. Matumizi hayo yaliingia katika Kiingereza katika karne ya 17.

Lile linalotaja kuyeyuka na kuungana limetokana na kitenzi kingine cha Kilatini, fundere, chenye maana ya kumimina na kuyeyusha. Mfua vyuma akiyeyusha madini mawili na kuyamimina katika kalibu moja, hupata kitu kimoja. Hapo ndipo maana ya kuyeyuka ilipozaa maana ya kuungana. Kijiwaya cha umeme nacho kilipata jina lake kutoka shina hilihili, kwa kuwa kazi yake ni kuyeyuka.

Basi baina ya kamba ya baruti na kijiwaya cha umeme hakuna udugu wa asili, japokuwa Kiingereza huviita kwa jina moja. Baina ya kijiwaya cha umeme na muungano wa viini vya atomi upo udugu, lakini ni wa mbali, nao umepitia kwenye tanuri la mfua vyuma. Wenye Kiingereza wenyewe wamewahi kuuona utata huo. Katika maandishi ya kijeshi, hasa ya Marekani, kiwashio kinachofungwa kwenye bomu huandikwa kwa herufi z badala ya s, ili kisichanganywe na kamba.

3.0 Katika Uhandisi: Kinachokata na Kinachoanzisha

3.1 Fyuzi ya umeme

Fyuzi ni kipande cha makusudi cha udhaifu. Mkondo wa umeme unapopita katika waya wowote, ukinzani wa waya huo hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Joto hilo haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa kwa muda uleule huongezeka mara nne. Fundi huweka mahali pamoja katika sakiti kijiwaya chembamba ambacho kitafikia kiwango chake cha kuyeyuka kabla nyaya nyingine hazijaungua. Kijiwaya kikiyeyuka, njia hukatika, na umeme hukoma kupita.

Wazo hili lilitangulia taa za umeme. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alipendekeza kutumia nyaya zilizopunguzwa unene ili kulinda vituo vya simu ya maandishi dhidi ya radi. Mwaka 1890 Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi kama sehemu ya mfumo wake wa kusambaza umeme.

Katika Afrika ya Mashariki fyuzi inajulikana zaidi kwa njia ya plagi ya miguu mitatu ya mtindo wa Uingereza, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1947. Plagi hiyo hutumika Kenya na Uganda, na kwa sehemu kubwa Tanzania, nayo ina fyuzi ndani yake, kwa kawaida ya ampea 3 au ya ampea 13. Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye volti 230, fyuzi ya ampea 3 inafaa chombo kisichozidi wati 690, kama vile redio au taa ya mezani. Pasi ya wati 1,000 huvuta takribani ampea 4.3, kwa hiyo huhitaji fyuzi kubwa zaidi. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kwamba fyuzi hiyo kwanza hulinda waya unaotoka kwenye plagi. Mtu anayeweka fyuzi ya ampea 13 kwenye waya mwembamba wa redio, au anayeweka msumari mahali pa fyuzi iliyokatika, ameondoa kile kilichowekwa kiwe dhaifu kuliko vyote. Kuanzia hapo kitakachoyeyuka kwanza ni waya wenyewe, nao huenda umepita chini ya mkeka au nyuma ya pazia.

Kwa upande wa lugha, fyuzi ni mkopo uliofanikiwa. Mfuatano wa sauti fy si mgeni katika Kiswahili. Upo katika fyeka, fyonza na fyatua. Irabu i iliyoongezwa mwishoni imelipa neno silabi wazi, na upatanisho wake ni ule wa ngeli ya I-/ZI-: fyuzi hii, fyuzi hizi. Watumiaji wamelipatia pia vitenzi vyake, kwani husemwa fyuzi imekatika au fyuzi imeungua. Tuangalie hapa mtego mdogo. Mbele ya jozi kama funga na fungua, au ziba na zibua, mtu angeweza kudhani kuwa ungua ni kinyume cha unga, yaani fyuzi iliyoungua ni ile iliyoachana. Maana inaruhusu dhana hiyo, lakini ungua hapa ni kupatwa na moto. Mlandano wa sura si ushahidi wa udugu, katika Kiswahili kama katika Kiingereza.

3.2 Mrao wa baruti

Kabla ya mwaka 1831, wachimba migodi wa Cornwall, Uingereza, walipeleka moto kwenye baruti kwa mabua au mashina ya manyoya ya bata bukini yaliyojazwa unga wa baruti. Moto ulikwenda kwa kasi isiyotabirika. Mara nyingine ulifika kabla mchimbaji hajakimbia. Mara nyingine ulionekana kuzimika, naye akarudi kutazama, na mlipuko ukamkuta hapo. Mwaka huo William Bickford, mfanyabiashara wa ngozi, alipata hataza ya kamba ya usalama: baruti iliyozungushiwa nyuzi za juti na kupakwa lami isipenyeke maji. Inasimuliwa kwamba wazo hilo alilipata kwa kumtazama msokota kamba akiwa kazini. Kamba hiyo iliungua kwa mwendo wa takribani sekunde 30 kwa kila futi moja. Kwa mara ya kwanza mchimbaji aliweza kupima muda wake wa kujiokoa kwa urefu wa kamba: futi 6 zilimpa kama dakika 3.

Kiswahili kilikuwa na jina la kitu cha jamii hii zamani. Kamusi za kale zinasajili neno mrao, wingi mirao, kwa maana ya utambi wa kuwashia bunduki au mzinga, na bunduki ya mrao ni ile iliyofyatuliwa kwa kugusisha utambi unaowaka kwenye baruti. Pwani ya Afrika ya Mashariki ilizijua bunduki na mizinga ya namna hiyo karne nyingi kabla ya kuijua taa ya umeme. Mrao wa bunduki na kamba ya Bickford havilingani kwa kila hali, lakini dhana ya msingi ni moja: kitu kirefu kinachoungua polepole ili moto ufike mahali kwa wakati wake.

Sasa tuviweke vitu hivi viwili pamoja. Fyuzi ikiungua, umeme hukatika na hatari hukoma. Mrao ukiungua, hatari ndipo inapoanza. Kimoja hulinda kwa kufa, kingine huua kwa kufika. Mwongozo wa mgodini au wa machimbo ya mawe utakaoviita vyote viwili fyuzi utamlazimisha msomaji abahatishe, na mahali penye baruti na nyaya za umeme pamoja si mahali pa kubahatisha. Tunaona, kwa hiyo, kwamba kuhuisha neno mrao kwa kamba ya baruti ni hatua yenye manufaa ya moja kwa moja.

4.0 Katika Sayansi: Kuyeyuka na Kuungana

4.1 Kuyeyuka

Katika fizikia ya joto, fusion ni badiliko la yabisi kuwa kimiminiko, yaani kuyeyuka. Kilogramu moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi huhitaji takribani kilojuli 334 ili iwe maji ya nyuzi 0 zilezile. Nishati hiyo haipandishi halijoto. Hutumika kuvunja mpangilio uliozishika molekuli mahali pake. Ndiyo maana huitwa joto fiche la kuyeyuka.

Hapa ndipo mtafsiri anayefuata sura ya neno anapoweza kuanguka. Akiwa amekwisha kuandika muungano katika sura ya viini vya atomi, huenda akaandika joto fiche la muungano katika sura ya barafu. Sentensi yake itakuwa kinyume cha ukweli, kwani katika kuyeyuka hakuna kinachoungana. Kinachotokea ni kulegea kwa kilichokuwa kimeshikana. Neno kuyeyuka, ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua tangu alipoona samli ikiwekwa juani, linatosha kabisa.

4.2 Kuungana kwa viini

Katika fizikia ya nyuklia, neno lilelile hutaja tukio ambalo viini viwili vyepesi vya atomi hukutana na kuwa kiini kimoja kizito zaidi, na sehemu ndogo ya tungamo hugeuka kuwa nishati. Viini vyote vina chaji chanya, kwa hiyo husukumana. Ili vikaribiane kiasi cha kushikwa na nguvu ya nyuklia, ambayo hufanya kazi katika umbali mfupi mno, vinahitaji mwendo mkubwa sana, yaani halijoto ya juu kupita kiasi. Katikati ya jua halijoto hufikia nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi, na kila sekunde tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni hugeuka kuwa heliamu. Mwaka 1939 Hans Bethe alieleza hatua za athari hizo ndani ya nyota.

Duniani, tukio hilo lilitumika kwanza kwa uharibifu, katika jaribio la bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililifanya kwenye visiwa vya Enewetak tarehe 1 Novemba 1952. Matumizi ya amani yamekuwa magumu zaidi. Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miali ya leza iliyopeleka megajuli 2.05 kwenye kidonge cha haidrojeni nzito ilizalisha megajuli 3.15. Hesabu hiyo haikujumuisha umeme mwingi zaidi uliotumika kuendesha leza zenyewe.

Kwa dhana hii baadhi ya maandishi ya Kiswahili hutumia myeyungano, neno linaloonekana kuundwa kwa kushikanisha yeyuka na ungana. Njia hiyo ya kuunda maneno, uhulutishaji, ni halali. Ndiyo iliyotupatia chajio kutoka chakula cha jioni. Hata hivyo tuna shaka na sehemu ya kwanza ya neno. Viini vya atomi haviyeyuki. Sehemu hiyo imeingia kwa sababu neno la kigeni lilitoka kwenye tanuri la mfua vyuma, si kwa sababu dhana yenyewe inadai hivyo. Muungano wa viini ni istilahi angavu zaidi, nayo inapangika vizuri mkabala na mpasuko wa viini, ambao ni tukio la kinyume.

4.3 Katika biolojia

Biolojia haitupi shida kubwa. Gameti mbili huungana na kufanya zigoti. Kromosomu nambari 2 ya binadamu ni matokeo ya kuungana kwa kromosomu mbili za mababu zake wa kale, ndiyo sababu binadamu ana kromosomu 46 ilhali sokwe ana 48. Mfupa uliovunjika ukipona, Waswahili husema umeunga. Utosi wa mtoto mchanga hufunga, kwa kawaida kabla ya kutimiza miaka miwili, na mifupa ya fuvu huendelea kushikana baadaye. Katika mifano yote hii mzungumzaji wa kawaida ana kitenzi tayari.

5.0 Katika Isimu: Mpaka Unaopotea

Edward Sapir, katika kitabu chake cha mwaka 1921, alilitumia neno hili kutaja mbinu ya lugha ya kushikanisha shina na kiambishi kiasi kwamba mpaka wao hauonekani tena wazi. Katika mapokeo ya kuainisha lugha, Kilatini hutolewa mfano: katika amo, yaani napenda, ile o ya mwisho hubeba kwa pamoja nafsi ya kwanza, umoja, wakati uliopo na kauli ya kutenda. Haiwezekani kuikata ili kila maana ipate kipande chake. Kiswahili huwekwa upande wa pili, kwa kuwa katika hatukuwapenda tunaweza kutenga ha-tu-ku-wa-pend-a na kukipa kila kipande kazi yake.

Uainishaji huo ni wa kweli kwa jumla, lakini Kiswahili hakikosi mshikano wa namna ya Kilatini. Tutazame ukanushi:

(a) ha-tu-pend-i: mipaka ni wazi.
(b) hu-pend-i: ha- na u- zimeshikana, na irabu a imetoweka.
(c) si-pend-i: ukanushi na nafsi ya kwanza umoja vimo ndani ya si-.

Katika (b) bado tunaweza kukisia vipande vya asili. Katika (c) haiwezekani. Hakuna *hanipendi yenye maana ya mimi kutopenda, na si- haikatiki.

Kuna pia muungano wa irabu, ambapo a na i huzaa e: wa- na -ingi huwa wengi, ma- na -ino huwa meno, wa- na -izi huwa wezi. Lakini si kila a inayokutana na i huungana nayo. Tunasema waimbaji, si *wembaji, na maisha, si *mesha. Nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi kwa njia ambayo bado iko hai huelekea kuutunza mpaka wao.

Ngazi ya tatu ni ile ya maneno mazima: mwenzi wangu huwa mwenzangu, mwana wangu huwa mwanangu, mume wake huwa mumewe. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mshikano huu hutokea zaidi katika majina ya watu walio karibu nasi, ambayo hutamkwa pamoja na mwenyewe karibu kila siku.

Matukio haya matatu hayastahili jina moja. Tukiita la pili muungano wa irabu, la kwanza linaweza kuitwa mshikano wa viambishi, na la tatu mshikano wa maneno. Muungano huzaa sauti mpya. Mshikano hufuta mpaka.

6.0 Kutoka kwenye Neno hadi kwenye Dhana

Eugen Wüster, mhandisi wa Austria, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1931 juu ya usanifishaji wa kimataifa wa lugha ya ufundi, hasa ufundi wa umeme. Msingi aliouacha ni kwamba kazi ya istilahi huanza na dhana, kisha ndipo jina hutafutwa. Lugha yake ya Kijerumani inaudhihirisha msingi huo. Fyuzi huitwa Sicherung, neno litokanalo na usalama. Kamba ya baruti huitwa Zündschnur, yaani uzi wa kuwashia. Kwa kuwa Kijerumani kiliita fyuzi kwa kazi yake, mzungumzaji huweza kutumia jina lilelile hata kwa swichi ya kisasa inayojikata yenyewe bila kuyeyuka.

Vigezo vya kuunda istilahi, kama vile vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, havivuti upande mmoja daima. Kigezo cha ukimataifa kinaunga mkono fyuzi. Kigezo cha uangavu kinaunga mkono muungano wa viini. Kigezo cha usahihi ndicho kinachokataa neno moja kwa vyote. Tunapendekeza, basi, fyuzi kwa kinga ya umeme, mrao kwa kamba ya baruti, kiwashio kwa kifaa cha bomu, kuyeyuka kwa badiliko la yabisi kuwa kimiminiko, muungano wa viini kwa tukio la nyuklia, na mshikano kwa viambishi na maneno.

Yawezekana mtu akapinga kwamba mwanafunzi wa Tanzania hujifunza sayansi ya sekondari kwa Kiingereza, na kwamba majina mengi ya Kiswahili yatamchanganya atakapokutana na neno moja. Sisi tunaona kinyume. Anayelifikia neno hilo akiwa na dhana moja tu atalazimisha maana zote ziingie humo. Anayefika akiwa na kuyeyuka mkono mmoja na muungano mkono mwingine atauliza mara moja: hapa ni ipi? Swali hilo ndilo mwanzo wa kuelewa.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba neno fuse ni maneno mawili yaliyokutana katika sura moja, na kwamba moja kati yake limegawanyika tena katika dhana za kuyeyuka, kukata na kuungana. Tumeona pia kwamba Kiswahili kilikwisha kuzitenga nyingi ya dhana hizo kwa maneno yake au kwa mkopo uliokubalika. Kazi iliyobaki ni ya waandishi wa vitabu na wa miongozo ya kazi: kuyatumia maneno hayo kwa uthabiti, ili mchimbaji anaposoma kwamba mrao unawaka ajue ni wakati wa kuondoka, na mwenye nyumba anaposoma kwamba fyuzi imeungua ajue kuwa imetimiza kazi yake.